Nani Anajua Ufunguo Ulipo?

Kaya nyingi hupima utayari wake wa kukabili majanga kwa vitu: akiba ya unga, tochi, salio kidogo kwenye simu. Vyote vina kazi yake, lakini mimi naona kipimo cha kweli ni kingine: je, aliye dhaifu kuliko wote nyumbani anaweza kutoka salama usiku, mkubwa wa nyumba akiwa safarini? Maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Tanzania, yalishuka Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023. Mafuriko ya Mai Mahiu nchini Kenya, Aprili 29, 2024, yaliwakuta watu usingizini. Saa kama hiyo hakuna nafasi ya kuulizana. Moto nao ni vivyo hivyo. Nyumba zetu za mijini zina nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa hofu ya wezi, na ufunguo hulala chini ya mto wa baba.

Wapo watakaosema maandalizi ni ya wenye fedha. Kwa mtungi wa kuzimia moto, ni kweli. Lakini msumari wa kutundikia ufunguo wa akiba, mahali ambapo mtoto wa miaka minane anafika gizani, hauhitaji mshahara; wala kumfundisha namba 114 ya zimamoto Tanzania hakuhitaji. Mwizi je? Ufunguo utundikwe mbali na dirisha, mkono wa nje usiufikie. Kisha zimeni taa usiku mmoja, bibi na mjukuu wafungue mlango wenyewe. Wakishindwa, hamisheni ufunguo usiku huohuo.