Silaha ya Kompyuta Inapofika Wodini

Tunapotaja virusi katika ukurasa wa afya, kwa kawaida tunasema juu ya vile vinavyoingia mwilini. Mwezi huu tuangalie virusi vya aina nyingine: programu zinazotengenezwa na watu kwa makusudi ili kuharibu kompyuta. Siku hizi baadhi ya serikali huzitumia kama silaha dhidi ya nchi nyingine, na mara nyingine anayeumia ni mgonjwa.

Yaliyotokea Uingereza

Tarehe 12 Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zipatazo 150. Vilifunga mafaili ya kompyuta na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko England, angalau bodi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma ziliathirika, pamoja na zahanati za madaktari 595. Waganga hawakuweza kusoma majalada ya wagonjwa wala majibu ya vipimo. Hospitali katika maeneo matano zililazimika kuelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Inakadiriwa kwamba miadi 19,000 ilifutwa. Kati ya waliokosa miadi, angalau 139 walikuwa wameitwa haraka kwa kushukiwa kuwa na saratani. Kwa bahati njema, hakukuwa na taarifa ya mgonjwa aliyekufa kwa sababu hiyo.

Chanzo chake

Desemba 2017, Marekani na Uingereza zilitamka kwamba Korea ya Kaskazini ndiyo iliyohusika. Nchi hiyo ilikana. Lakini kuna jambo jingine la kutafakari. Kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba mbinu iliyotumika kuingia katika kompyuta iliibwa kutoka NSA, idara ya ujasusi ya Marekani. Kasoro iliyokuwa katika programu ya Microsoft haikutangazwa mapema, bali ilitunzwa kama silaha. Silaha ikaibwa, ikaangukia hospitali. Dawa ya kuziba kasoro hiyo ilikuwa imetolewa Machi 2017, lakini hospitali nyingi zilikuwa hazijaitumia.

Si mara moja tu

Juni 2017 virusi vingine, NotPetya, viliilenga Ukraine kupitia programu ya hesabu za kodi. Uingereza na Marekani zililitaja jeshi la Urusi kuwa ndilo lililohusika, Urusi ilikana. Virusi hivyo havikuheshimu mpaka. Vilikwamisha kiwanda cha dawa cha Merck cha Marekani, hata kampuni ikalazimika kuazima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kutoka akiba ya serikali. Kina mama wanaijua chanjo ya aina hiyo, maana mabinti wa kwetu pia huchanjwa.

Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kushambulia hospitali wakati wa vita. Anayezima kompyuta ya wodi kutoka mbali hasikii mlio wa risasi, lakini mgonjwa anayesubiri damu au upasuaji ameshambuliwa kweli.

Kinga katika hospitali na zahanati

Programu za kompyuta zisasishwe kila marekebisho yanapotolewa. Nakala ya kumbukumbu iwekwe mahali pasipounganishwa na mtandao. Barua zisizojulikana zisifunguliwe. Zaidi ya hayo, madaftari yasitupwe: wahudumu wajue kuandikisha mgonjwa, kutoa dawa na kupeleka majibu ya maabara kwa karatasi, tena wafanye mazoezi.

Kinga nyumbani

Familia nayo ina sehemu yake:

1. Tunza kadi ya kliniki ya mtoto na ya mama mjamzito mahali pakavu, wala usiitupe.

2. Andika majina ya dawa unazotumia, kipimo chake, na dawa zinazokudhuru. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za kila siku asiache jambo hili.

3. Jua kundi lako la damu.

4. Omba nakala ya majibu ya vipimo na ya picha za eksirei, uzihifadhi.

5. Usiishiwe dawa kabisa ndipo uende kuchukua nyingine. Nenda siku chache kabla.

Wakubwa wa mataifa hatuwezi kuwazuia kutoka hapa kijijini. Lakini siku mashine itakaponyamaza, karatasi iliyotunzwa sandukuni inaweza kumweleza mganga yale yote anayohitaji kuyajua.