Mtoto ana mafua? Hesabu pumzi zake

Mzazi wa Moa, msimu wa kusi mafua ya watoto hayakosi. Mengi huletwa na virusi, kwa hiyo zile kapsuli za rangi mbili unazopimiwa dukani ni hasara tupu. Mnyonyeshe mara kwa mara. Aliyetimiza mwaka mpe maji ya uvuguvugu yenye asali. Chini ya hapo asali ni hatari, hata ya kulambishwa.

Akitulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50, au mwaka 1 hadi 5, zikifika 40, huenda ni nimonia: mpeleke zahanati. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, ondokeni usiku huohuo. Aliye chini ya miezi 2 msimtibu nyumbani kabisa.