Kibubu Kabla ya Mkopo

Taasisi inayopeleka huduma za fedha vijijini ikitaka kujisifu, hutaja mikopo: imetoa kiasi gani, kwa watu wangapi, wangapi kati yao ni wanawake. Ni nadra kuisikia ikitaja kwanza fedha ambazo wanakijiji wenyewe wameziweka kwake. Mazoea hayo yamesimama juu ya dhana kwamba maskini hana cha kuweka, na kwa hiyo kazi yake ni kupokea. Makala hii inashika upande mwingine. Benki ya kijijini husimama au huanguka kwa akiba inayoitunza, na mwanakijiji asiye na mahali salama pa kuweka fedha ana shida iliyoitangulia ile ya kukosa mkopo.

Tuangalie jinsi fedha zinavyoingia kijijini. Mfanyakazi wa ofisini hulipwa kila mwezi. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, hupata karibu fedha zake zote katika miezi michache ya minada, kuanzia Oktoba, kisha hula, husomesha na hujitibu kwa fedha hizohizo mpaka msimu mwingine. Zinakuja kwa mkupuo na zinatakiwa zitoke kidogo kidogo. Zikikaa ndani zina maadui wengi: panya, moto, mwizi, na zaidi ya hao wote, ndugu na majirani wenye shida za kweli ambao si rahisi kuwanyima. Ndiyo maana watu huziweka katika vitu. Mbuzi ni akiba, na gunia la mahindi ni akiba. Hata zile nyumba zilizofika kwenye lenta zikaachwa miaka mitano zinaota majani, ambazo mgeni hudhani ni za watu walioshindwa kujenga, mara nyingi ni akaunti iliyofyatuliwa kwa udongo: kila tofali ni fedha ambayo shemeji hawezi kuiomba. Ubaya ni kwamba tofali halilipi hospitali usiku wa manane. Mbuzi naye hufa, na akiuzwa kwa dharura huuzwa kwa bei ya dharura. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapopata wateja wake. Mtu mwenye mali anakopa kwa riba ya kukamua kwa sababu mali yake haigeuki fedha siku anapoihitaji.

Mfano mkubwa wa benki iliyoligundua jambo hili kwa kuumia uko Indonesia. Bank Rakyat Indonesia, benki ya serikali, ilifungua vituo vidogo vijijini miaka ya 1970 ili kupitisha mikopo ya Bimas, mpango wa serikali wa kuongeza mavuno ya mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vituo hivyo vilikuwa zaidi ya 3,600. Serikali iliagiza mkopo utolewe kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na wakati huohuo ikataka mweka akiba alipwe asilimia 15. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Kila fedha iliyowekwa ilikiletea kituo hasara, kwa hiyo kituo kilichotaka kuishi kilikuwa na kila sababu ya kumkimbiza mweka akiba. Mikopo nayo ilionekana ni mali ya serikali, wengi hawakuirejesha, na hasara ikazidi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1983 serikali iliziachia benki zijipangie riba, na mwaka uliofuata vituo vile, badala ya kufungwa, vikageuzwa kazi. Ukaja mkopo uitwao Kupedes, kwa yeyote mwenye shughuli inayoingiza kipato, awe mkulima au mwenye duka, kwa riba inayofidia gharama. Ikaja pia akaunti ya akiba, Simpedes, iliyojaribiwa kwanza mahali pachache kisha ikaenea nchi nzima mwaka 1986. Akaunti ya zamani ilimruhusu mtu kutoa fedha mara mbili tu kwa mwezi. Hii ilimruhusu kutoa siku yoyote ya kazi, na juu yake ikamwekea bahati nasibu ya zawadi. Maofisa wengi walikuwa wameshaamua kwamba wanakijiji hawaweki fedha benki kwa sababu hawana utamaduni huo. Kumbe walichokosa ni akaunti inayofunguka mtoto anapougua. Miaka ya 1980 ilipokwisha, akiba katika vituo hivyo ilikuwa imeipita mikopo, na ruzuku haikuhitajika tena.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1997 na 1998, sarafu ya Indonesia ilipoporomoka na mabenki kufungwa. Mikopo mikubwa ambayo benki hiyohiyo ilikuwa imewapa wafanyabiashara wakubwa wa mijini iliharibika vibaya, hata serikali ikalazimika kuiongezea mtaji. Vituo vya vijijini havikutetereka: wakopaji wadogo waliendelea kuleta marejesho, na akiba zikaongezeka. Kwa haki, lazima tukiri kwamba sehemu ya akiba hizo ilikuwa ya watu waliokimbia benki binafsi kutafuta kivuli cha serikali. Lakini marejesho hayaelezwi na kivuli hicho. Mkopaji alilipa kwa sababu alitaka mkopo mwingine, na kwa sababu fedha aliyokopa haikuwa ya mfadhili wa mbali. Ilikuwa ya jirani zake waliosimama naye kwenye foleni moja.

Benki ya Grameen ya Bangladesh, maarufu kuliko zote, inaelekea kulithibitisha jambo hilihili, ingawa sifa zake zilienea kwa ajili ya mikopo. Muhammad Yunus aliianza kazi hiyo kijijini Jobra mwaka 1976, ikawa benki kamili mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba kwa miaka mingi mwanachama alilazimishwa kuchangia mfuko wa kikundi ambao hakuweza kutoa fedha zake apendavyo, na wanachama walilalamika waziwazi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998 marejesho yalilegea. Benki ilijipanga upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafuta mfuko ule wa kikundi na kufungua akaunti za hiari pamoja na akiba ya uzeeni. Haikupita miaka mingi, amana zikazidi mikopo.

Sasa msomaji makini atauliza kama haya ni mambo ya benki kujisaidia yenyewe, au mwanakijiji pia hufaidika. Kuna ushahidi wa karibu na kwetu. Katika mji mdogo wa Bumala, kaunti ya Busia magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia baadhi ya akina mama wa sokoni na waendesha bodaboda wa baiskeli akaunti katika benki ya kijiji. Waliochaguliwa walichaguliwa kwa kura, ili walinganishwe kwa haki na wenzao waliokosa. Akaunti yenyewe haikuwa na mvuto wowote. Haikulipa riba, na kila kutoa fedha kulikatwa ada, maana yake fedha ilipungua kwa kukaa pale. Hata hivyo akina mama waliifungua, na waliopewa nafasi hiyo wakaongeza fedha walizotia katika biashara zao kwa zaidi ya theluthi moja kuliko wenzao. Kwa waendesha baiskeli halikuonekana badiliko la maana. Mtu anayekubali kukatwa ili fedha zake zitunzwe anatuambia kwamba nyumbani zinakatwa zaidi. Linganisha na tafiti sita za mikopo midogo zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko. Mikopo iliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga shughuli zao, lakini hakuna mahali ambapo kipato cha kaya za kawaida kilipanda kwa namna iliyoahidiwa na wahubiri wa mikopo.

Nisifiche upande wa pili. Dupas na Robinson walishirikiana na wenzao kufanya jaribio kama hilo Uganda, Malawi na Chile, na matokeo yakawa baridi: watu wengi walifungua akaunti za bure, wachache wakazitumia, na maisha hayakubadilika kwa kiasi cha kupimika. Wapo wanaolichukua hilo kuwa hukumu dhidi ya akiba. Mimi naona linahukumu akaunti tupu. Kitabu cha benki kilicho mbali na soko, kinachodai nauli ya kwenda na kurudi kuweka shilingi elfu mbili, hakishindani na tofali. Wanaohesabu akaunti zilizofunguliwa wanarudia kosa la wanaohesabu mikopo iliyotolewa. Kinachofaa kuhesabiwa ni salio. Na ipo hoja nyingine inayosahaulika, kwamba kila mkopaji anayemaliza marejesho amethibitisha kuwa anaweza kuweka akiba. Anayeleta rejesho la shilingi 30,000 kila wiki kwa miezi sita amejinyima 30,000 kila wiki. Tofauti ni kwamba alipokea fungu mwanzoni na kulilipia riba, wakati angeweza kulipokea mwishoni bila deni, kama angekuwa na pa kulikusanyia. Kwa dharura, mkopo hauna mbadala. Kwa ada ya shule inayojulikana mwaka mzima kabla, kukopa ni kununua nidhamu kwa bei ghali.

Bei hiyo inastahili kuelezwa, maana wengi hulipa bila kuijua. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 1.5 kwa mwezi ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, kama ilivyokuwa kwa Kupedes. Kila mwezi unarejesha 100,000 ya mkopo na 18,000 ya riba. Mwezi wa mwisho mfukoni mwako imebaki 100,000 tu ya benki, lakini bado unatozwa 18,000. Riba iliyotajwa kama asilimia 18 kwa mwaka ni karibu 32 ikipimwa kwa fedha unazozishika kweli. Benki haitozi hivyo kwa roho mbaya tu. Kukopesha milioni 10 kwa mtu mmoja ni faili moja. Kukopesha laki moja moja kwa watu mia ni mafaili mia, safari mia na simu mia za kukumbusha.

Basi serikali itoe bila riba, watasema wengine. Tanzania imejaribu: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utaratibu ulisimamishwa baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ukarudishwa mwaka 2024 baada ya kupangwa upya. Nia ilikuwa njema, kama ya Bimas. Fedha isiyo na mwenyewe kijijini haina wa kuidai.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwamo Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera. Hizi ndizo benki zilizokuwa karibu na wakulima, na waliozitumainia walikuta milango imefungwa. Bima ya amana ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Tangu mwaka 2023 ukomo ni 7,500,000, kiasi kinachofunika akiba ya wanakijiji karibu wote. Ni hatua ya maana, ila inamlinda aliyeweka benki peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, havimo. Vikundi hivyo hukopesha kile wanachama walichokiweka, hugawana kila mwisho wa mzunguko, na vile vilivyoanzishwa kwa msaada wa shirika la CARE kuzunguka msitu wa Jozani, Unguja, viliendelea kuzaa vingine baada ya mradi kuondoka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua katika daraja la nne, lakini kuvitambua hakujazi sanduku likivunjwa. Tena sanduku haliwezi kununua trekta, na mvua ikikosekana kijiji kizima, wanachama wote hutaka kutoa siku moja. Kwa mambo hayo inahitajika benki inayochanganya akiba ya mkulima wa korosho na ya mkulima wa kahawa, ambao misimu yao haifanani. Simu zimeisogeza karibu kazi ya kuweka fedha, lakini wakala wa kijijini aliyeishiwa salio la fedha taslimu msimu wa mauzo ni sawa na ile akaunti ya kutoa mara mbili kwa mwezi.

Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 juu ya msingi wa iliyokuwa benki ya ushirika ya Kilimanjaro, inaweza kuifanya kazi hiyo ya kuunganisha misimu. Taarifa zake zinapotoka tutasoma kiasi ilichowakopesha wakulima na AMCOS, vyama vyao vya msingi vya ushirika wa mazao. Namba ya kuitafuta iko mstari mwingine: baada ya malipo ya korosho kuingia kwenye akaunti za wakulima mwezi Desemba, ni shilingi ngapi bado zimo mwezi Machi.