Samaki wa bahari anayezaliwa mtoni

Ukikaa Maryland au Virginia halafu ukawa na ndugu mpenda mshipi, jina la rockfish umeshalisikia. Kwingineko mashariki mwa Marekani humwita striped bass. Mgongo wake ni wa kijani kilichofifia, tumbo jeupe, na ubavuni ana mistari myeusi saba au minane inayonyooka hadi mkiani. Akinasa haji kirahisi, ndiyo maana wavuvi humgombania.

Wakubwa wengi huishi baharini. Kiangazi hupanda kaskazini hadi Massachusetts na Maine wakifuata samaki wadogo. Majira ya baridi hurudi kusini, pwani ya Virginia na North Carolina. Kutaga ni habari nyingine. Aprili na Mei huingia mitoni, kwenye maji yasiyo na chumvi: Potomac, Choptank, wengine Hudson. Kitalu kikuu ni ghuba ya Chesapeake na mito yake.

Jike huachia mayai, madume wakimzunguka na kuyarutubisha papo hapo majini. Yai halishiki jiwe wala jani. Hubebwa na mkondo kwa siku mbili hivi mpaka lianguliwe; mkondo ukizubaa, linazama topeni na kukosa hewa. Aliyeanguliwa naye lazima akute planktoni ya kula siku hizo hizo. Masika yenye baridi na mvua huleta vifaranga tele, kama mwaka 2011. Joto na ukame huweza kufuta karibu kizazi kizima, na tangu 2019 Maryland imeandamwa na miaka mibovu.

Dume hupevuka akiwa na miaka miwili au mitatu. Jike huchelewa, wengi hadi sita au nane, lakini anaweza kufika miaka 30, na akizidi kukua mayai nayo huzidi, kwa mamilioni. Basi lile dubwana unalotamani kupiga nalo picha karibu hakika ni mama mzazi. Uvuvi wa pupa ulishawahi kumfikisha pabaya: Maryland ilipiga marufuku kumvua kuanzia 1985 hadi 1990.

Baharini, tangu 2023, anayeruhusiwa ni mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi 31. Ndani ya ghuba kila jimbo lina vipimo vyake, navyo hubadilika, kwa hiyo visome kabla hujatupa ndoana. Aliyezidi kipimo mrudishe upesi, hasa kiangazi maji yakiwa moto. Picha si lazima.