Benki Yako Ikinunuliwa: Kweli na Si Kweli

Nchini Kenya, benki ikiuzwa porojo huitangulia taarifa ya Benki Kuu. Haya ndiyo madai yasikikayo zaidi foleni na sokoni.

"Benki ikinunuliwa, kila kitu huhamia kwa mnunuzi."

Si kweli, na hapa ndipo wengi huumia. Kununua hisa ni jambo moja, kununua mali na kubeba madeni ni jingine. Hisa zikinunuliwa, benki hubaki ile ile, ila mwenyewe amebadilika. Benki ya KCB ilipoitwaa National Bank mwaka 2019, wenye hisa walipewa hisa 1 ya KCB kwa kila 10 za National. Mweka amana hakuhamishwa popote.

Mali na madeni yakinunuliwa, mnunuzi huchagua. Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu Aprili 2016. Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, SBM, benki yenye asili ya Mauritius, ilichukua baadhi ya mali zake pamoja na asilimia 75 ya thamani ya amana zilizokuwa zimezuiliwa. Asilimia 25 ilisalia Chase, na Chase yenyewe ikaanza kufilisiwa mwaka 2021. Ya Imperial Bank ilikuwa chungu zaidi. Benki hiyo ilifungwa Oktoba 2015, na mwaka 2020 KCB ikabeba mali za shilingi bilioni 3.2 na madeni ya kiasi hicho hicho, basi. Amana nyingi hazikuwa katika hesabu hiyo.

Kwa hivyo, habari ikitangaza kwamba benki fulani "imenunuliwa", uliza kwanza: hisa, au mali na madeni? Na ukumbuke kwamba katika vitabu vya benki, amana yako ni deni lake; mkopo wako ndio mali yake. Mnunuzi hukimbilia mikopo inayolipika. Madeni huyabeba baada ya mashauriano marefu.

"Iliyonikopesha imekufa, na deni limekufa nayo."

Si kweli hata chembe. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Benki ya Kenya kinasema mikataba na dhamana zilizohamishwa huendelea kuwa na nguvu, na husomwa kana kwamba tangu mwanzo ziliandikwa na benki mpya. Shamba lililowekwa rehani halikomboki kwa sababu jina lililo kwenye karatasi si la benki inayodai leo. Mdhamini naye hajaokoka: sahihi yake imehama pamoja na mkopo. Na mkopo usiohamishwa haujasamehewa; unadaiwa na anayesimamia mabaki ya benki ya zamani. Ukiwa na deni, omba barua inayoonyesha nani sasa analimiliki, kabla hujalipa senti kwenye akaunti usiyoijua.

"Wakurugenzi wakishatia sahihi, mambo yamekwisha."

Si kweli. Bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Fedha, uhamisho wa mali na madeni ya benki hauna nguvu ya kisheria. Benki Kuu nayo lazima iridhike, na mamlaka ya ushindani ina neno lake. Benki za NIC na CBA zilipoungana kuwa NCBA mwaka 2019, mamlaka hiyo iliweka sharti kuhusu ajira za wafanyakazi.

"Mnunuzi ni lazima achague: hisa, au mali na madeni."

Si kweli. Mwaka 2025 Access Bank ya Nigeria iliidhinishwa kununua hisa zote za National Bank kutoka KCB, na papo hapo baadhi ya mali na madeni ya National yakaruhusiwa kuhamia KCB. Mteja wa National hakuweza kukisia alikoangukia kwa kusoma vichwa vya habari tu.

"Nikigawa pesa zangu kwenye benki mbili, bima ya amana hunilinda mara mbili."

Kweli, lakini hadi siku zitakapoungana. Tangu Julai 2020 shirika la bima ya amana, KDIC, hulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mweka amana katika kila benki. Awali zilikuwa 100,000. Benki mbili zikiwa moja, akaunti zako zote hujumlishwa chini ya kikomo kimoja. Mwenye 400,000 huku na 400,000 kule anaweza kujikuta 300,000 ziko nje ya bima, bila yeye kugusa hata shilingi.