Unaponunua Redio ya Kadi, Pima Kwanza Ghala Lake

Wakulima wengi wanaokuja Nairobi kuwatazama watoto wao hupenda kurudi nyumbani na redio ndogo inayopiga nyimbo kutoka kwenye memori kadi. Ni chombo kizuri. Hukaa mfukoni au huning'inizwa kwenye mti karibu na zizi, na mwenye ng'ombe hukamua huku akisikiliza muziki. Lakini wengi huinunua kwa kutazama namba moja tu iliyoandikwa juu ya kadi, na wakifika nyumbani huona wamepoteza fedha. Shauri letu la mwezi huu ni juu ya jambo hilo.

Tuseme mzee ametoka Siaya, amekuja kumtembelea mwanawe anayekaa Jericho. Amekwisha uza mahindi yake, na fedha kidogo zimebaki. Wanatoka pamoja kwenda sokoni, na hapo kijana mwenye kibanda anamwonyesha redio na kadi.

"Mzee, chukua hii ya 128. Hiyo ya 8 ni ndogo sana."

"Kijana wangu," mzee anauliza, "hiyo 128 ni nini?"

Swali hilo ndilo la busara, na wewe msomaji yakupasa uliulize kabla ya kutoa shilingi yako.

Kadi ni ghala. Mahindi hupimwa kwa gunia la kilo 90. Nafasi ya kadi hupimwa kwa gigabaiti. Gigabaiti moja ni megabaiti 1,000. Wimbo uliowekwa kwa namna ya kawaida iitwayo MP3 hula megabaiti moja hivi kwa kila dakika. Kwa hiyo wimbo wa dakika 4 hula megabaiti 4, na gigabaiti moja huchukua nyimbo kama 250, yaani zaidi ya saa 16 za kusikiliza.

Sasa fanya hesabu yako mwenyewe. Kadi ya gigabaiti 4 huchukua nyimbo kama 1,000. Kadi ya 8 huchukua nyimbo kama 2,000, ambazo ni zaidi ya saa 130. Ukisikiliza saa tatu kila siku, itapita zaidi ya miezi minne ya mvua ndipo umalize kadi tatu kama hiyo. Kadi moja peke yake itakuchukua siku 44 bila kurudia wimbo. Kadi ya 32 ingekuchukua karibu miezi sita. Je, unazijua nyimbo 8,000 unazozipenda?

Yafaa kukumbuka tulikotoka. Katika miaka ya 1960 santuri ndogo ya mizunguko 45 ilichukua wimbo mmoja kila upande. Kaseti ya dakika 60 ilichukua nusu saa kila upande, na watu walicheza dansi usiku kucha kwa kaseti chache. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa iPod yake ya kwanza, ghala lake lilikuwa gigabaiti 5, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba huchukua nyimbo 1,000 mfukoni. Basi kadi ya 8 si ndogo hata kidogo.

Baada ya kujua kipimo, hapana budi kuyaangalia mambo manne.

Kwanza, je, redio yenyewe inaweza kusoma kadi hiyo? Kadi za hadi gigabaiti 32 hupangwa kwa namna moja, na zile zinazozidi 32 hupangwa kwa namna nyingine. Redio nyingi za bei nafuu huijua ile namna ya kwanza tu. Ukiweka kadi ya 64 au 128, redio hunyamaza kama ng'ombe aliyepewa majani asiyoyajua. Redio nyingine za zamani hazipiti hata gigabaiti 2. Soma karatasi ya redio, au mwambie mwuzaji aipige kadi ile ile unayonunua, ndani ya redio ile ile, mbele ya macho yako.

Pili, je, namba iliyoandikwa ni ya kweli? Hapa ndipo hila ilipo. Kuna kadi zilizoandikwa 64 au 128 ambazo ndani yake zina nafasi ya 8 tu. Wadanganyifu huibadilisha kadi ili iiambie mashine uongo juu ya ukubwa wake. Nyimbo za kwanza huingia vizuri. Nafasi ya kweli ikiisha, nyimbo zinazofuata hupotea au huharibu zile zilizotangulia, ingawa majina yake yote huonekana. Ni kama gunia lililojazwa makapi chini na mahindi juu. Kumbuka kwamba debe tupu ndilo livumalo. Ukiona kadi kubwa sana inauzwa kwa bei ya kadi ndogo, iache. Ukikwisha nunua, ijaze mpaka pomoni kabla hujarudi nyumbani, kisha usikilize nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zote zikilia, kadi ni ya kweli.

Lakini usigombane na mwuzaji ukiona kompyuta inasema kadi ya 8 ina 7.4. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Tatu, utautafutaje wimbo? Redio nyingi hizi hazina kioo cha kusomea majina. Una kitufe cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma tu. Mwenye nyimbo 8,000 hawezi kuufikia wimbo wa 5,000 bila kuumia kidole. Afadhali kadi mbili ndogo kuliko moja kubwa: moja ya muziki, ya pili ya mahubiri au ya mafunzo ya kilimo uliyorekodi. Maneno matupu yanaweza kuwekwa kwa nusu ya nafasi ya muziki, nayo yasikike vema. Tena kadi moja ikiharibika, ya pili imesalia. Mkulima haweki mbegu zake zote katika chungu kimoja.

Nne, ukubwa wa kadi hauongezi nguvu ya betri wala ubora wa sauti. Fedha unayookoa kwenye kadi itumie kununua redio yenye spika imara, na yenye betri inayotoka, ili ikichoka ubadilishe betri badala ya kutupa redio nzima.

Liko na neno la haki. Vibandani watu hujaziwa kadi kwa fedha kidogo, na mwimbaji hapati kitu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo ni mali ya mwenyewe kama shamba lilivyo mali yako. Wewe usingefurahi kumwona mtu akivuna mahindi yako usiku. Uliza nyimbo zinazouzwa au kutolewa kwa idhini ya mwimbaji.

Basi, yule mzee wetu afanye nini? Ahesabu saa anazosikiliza, achukue kadi mbili za gigabaiti 8, azijaribu ndani ya redio yake, azijaze na kuzisikiliza usiku huo nyumbani kwa mwanawe Jericho. Ikiwa moja ni mbovu, asubuhi kibanda ki karibu. Akigundua kosa akiwa amekwisha fika Siaya, nauli ya kurudi itazidi bei ya kadi.