Tuwaheshimu wa MV Bukoba kwa kuwahesabu walio hai

Ukitoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa Barabara ya Musoma, unafika Igoma kabla hujalimaliza jiji. Ni mahali pa pilikapilika: daladala zinashusha na kupakia, makondakta wanaita abiria, biashara imechangamka. Karibu na pilikapilika hizo yapo makaburi ambayo Watanzania wengi wameyasikia kwa jina tu. Hapo ndipo walipolazwa mamia ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba, wakiwemo waliozikwa kabla ndugu zao hawajawatambua.

Mei 21 inapofika, Igoma hubadilika. Mashehe husoma dua, mapadri na wachungaji husali, mashada huwekwa. Waliokuwa watoto mwaka 1996 wanafika na watoto wao, wanasimama mbele ya kaburi la babu, shangazi au mjomba ambaye wajukuu hawakumjua.

Kwa msomaji aliyezaliwa baada ya mwaka huo, habari yenyewe ndiyo hii. Usiku wa Mei 20, 1996, MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Ilikuwa safari ya kawaida kwa watu wa Kagera. Wapo waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni, wapo waliorudi kazini, wapo waliokwenda kuuguza au kuhani. Abiria wa daraja la tatu walijibanza walipopata nafasi, katikati ya mikungu na mizigo, wakasinzia. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, Mwanza ikiwa imekaribia, meli ililala upande, kisha ikapinduka.

Haikuzama mara moja. Sehemu yake ya chini ilibaki juu ya maji, na ndani mlikuwa na watu hai. Waliofika kuokoa walisikia wakigonga bati. Kwa nia ya kuwatoa, likatobolewa tundu kwenye tumbo la meli. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, maji yakapanda, na MV Bukoba ikashuka kwenye kina cha takribani mita 25 pamoja na waliokuwa wakigonga. Wapiga mbizi waliletwa hadi kutoka Afrika Kusini. Maiti zikapangwa Uwanja wa Nyamagana ili ndugu wapite mstari kwa mstari kutafuta sura wanayoijua. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo.

Walikufa wangapi? Idadi inayotajwa zaidi ni 894. Wengine wanasema walipindukia 1,000. Tofauti hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu inaonyesha jambo zito kuliko hitilafu ya takwimu. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Yaani kabla hujamgusa mtu wa daraja la tatu, chombo kilikuwa kimeshajaa na kumwagika. Na daraja la tatu, lililobeba wengi kuliko yote, halikuwa na orodha kabisa.

Maana yake ni kwamba mamia ya wananchi walipanda meli ya umma, kwa tiketi walizolipia, bila yeyote kuandika majina yao. Meli ilipozama, hapakuwa na karatasi ya kuwaita. Walijulikana tu kwa sababu mama fulani huko Muleba alisubiri mtu asirudi, au mke fulani Mwanza alikwenda bandarini kumpokea mumewe akarudi peke yake. Asiyekuwa na wa kumsubiri alipotea mara mbili, majini na katika hesabu. Na wapo ambao miili yao haikupatikana. Nyumba ya namna hiyo huanua matanga kwa desturi tu. Moyoni matanga hayaishi.

Msibani tunaambiana kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Ni kauli ya kufarijiana, na aliyefiwa anaihitaji. Lakini isigeuzwe kuwa ripoti ya uchunguzi. Kazi ya Mungu haina makosa. Makosa ni ya aliyeendelea kukata tiketi meli ikiwa imejaa, ya aliyepakia mzigo juu ya mzigo, na ya aliyeiruhusu ing'oe nanga.

Tungekuwa tumejifunza, ningeishia hapo. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilistahili kubeba watu wapatao 600. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kuwa walikuwamo zaidi ya 2,000. Mwaka uliofuata, Julai, MV Skagit ikazama ikielekea Zanzibar. Na Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa ni 41. Viongozi walipoulizwa kilikuwa na watu wangapi, jibu lilikuwa gumu kutolewa: mkata tiketi alikufa, na mashine yake ya tiketi ikapotea naye ziwani. Miaka 22 baada ya MV Bukoba, ziwa lilelile, na swali lilelile halikuwa na jibu.

Kuna siku nami nilipanda chombo cha abiria kwenye gati moja la ziwani ambalo sitalitaja. Karani alikuwa na daftari kubwa lililokunjamana pembe, kalamu yake imefungwa kamba. Nyuma yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, wa pili kamshika mkono, wa tatu kabeba kuku kwapani. Karani aliandika jina moja la mama, akaongeza maneno mawili: “na watoto.” Hakuuliza wangapi. Kalamu ilifungwa kamba isipotee, na watoto watatu wakaingia ziwani bila jina. Niliona, nikapita, sikusema neno. Ukimya ule unanisuta hadi leo.

Yapo yaliyofanyika, na ni haki kuyasema. Nchi ina chombo cha kudhibiti usafiri wa majini, TASAC, na Mwanza imejengwa meli mpya, MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200. Ni hatua za kushukuru. Lakini meli kubwa bila hesabu ya kweli ni uwezekano wa msiba mkubwa zaidi. Sheria inasimama au inaanguka pale mlangoni, kwenye ngazi ya kupandia, kwa mtu mwenye daftari na ujasiri wa kusema: imetosha, subirini chombo kinachofuata.

Katika Kiswahili kuhesabu na kuheshimu ni maneno yanayokaribiana kwa sauti, na katika jambo hili yanakaribiana hata kwa maana. Huwezi kumheshimu marehemu ambaye ulikataa kumhesabu alipokuwa hai. Mashada ya Igoma yatakuwa na uzito siku ambayo kila gati, kuanzia Bukoba hadi Ukara, Nungwi hadi Mafia, litaweza kusema saa yoyote: ndani wamo watu kadhaa, na majina yao ni haya.

Ndiyo maana nina maombi matatu. Kwa mamlaka: hesabu ya abiria ibaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka, isisafiri mfukoni mwa mtu anayeweza kuzama nayo. Kwa familia za MV Bukoba, hasa za waliosafiri daraja la tatu: wanaokumbuka wanazeeka, wengine wameshatangulia. Kaeni na wazee, andikeni jina kamili la ndugu yenu, kijiji chake, na safari ilikuwa ya nini. Jina hilo likabidhiwe parokiani, msikitini, au ofisi ya kijiji, lisifie nyumbani.

La tatu ni kwako msomaji. Siku utakapofika gatini, taja majina yako kamili, na ya kila mtoto uliye naye, hata wa mgongoni. Usiondoke mbele ya karani mpaka uone ameyaandika. Na ukiona chombo kimejaa, shuka, hata kama tiketi umeshalipa.